Mwanamke wa Mashine Ndogo

Saa nne na dakika kumi asubuhi, mlango wa jikoni ulifunguka kwenye skrini ya mashine ndogo, na hapakuwa na mtu wa kuufungua.

Aliyeishika mashine hiyo alikuwa kwenye chumba cha chai cha ofisi, akizunguka huku na huku akisubiri birika lichemke. Kazini wote walimwita Mpimaji, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuzipima gemu kabla hazijatoka: kuzicheza, kuzivunja, na kueleza zimevunjikaje. Hakushtuka. Alilirudisha gemu mwanzo wa chumba, akatembea hadi dirishani na kurudi kama alivyofanya mara ya kwanza, akatazama. Mlango ulifunguka tena, taratibu, kwa nafasi ya kumtosha mtu mmoja mwembamba, kisha ukajifunga.

Kitu kikitokea mara moja, yeye alikihesabu kuwa habari tu. Mpaka kijirudie ndipo alipokiita kasoro. Kilijirudia. Birika likachemka, akalizima, akaenda kwenye meza ya Wembe, mwenzake wa kazi, bila chai.

Gemu lenyewe lilikuwa nyumba moja. Umeme umekatika, mchezaji yuko peke yake, na ni lazima apite vyumba vyote mpaka mlango wa mbele. Hakuna ramani wala mishale. Tangu lilipoanza kutengenezwa, aliyemwongoza mchezaji alikuwa mwanamke mzee mwenye shali, anayepita mbele akifungua milango. Hasemi. Hageuki nyuma. Mguu wake wa kushoto unaburuta kidogo, na kabla ya kuvuka mlango wowote hugusa fremu kwa vidole viwili, kama mtu anayehakikisha kuwa ukuta bado upo.

Nyumba hiyo ilipimwa kwa tepu kutoka kwenye nyumba halisi, na mwendo ulichukuliwa kwa mtu halisi. Nyumba na mwendo vyote vilikuwa vya mama yake Mpimaji. Aliyelibuni gemu alikuwa kaka yake, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa ofisi.

Siku ya kumrekodi, walimvalisha mama nguo nyeusi ya kubana yenye vidoti vya kung'aa, ili kamera zifuate kila kiungo. Alijitazama kwenye kioo kwa muda.

"Mmenivalisha kama mwizi," alisema, "halafu mkaniwekea taa ili nikamatwe."

Alitembea kati ya fremu za mbao zilizosimamishwa badala ya milango: jikoni, korido, sebule, chumba cha nyuma. Fremu ya mwisho, ya mlango wa mbele, hakuifikia. Alichoka, akaomba kiti, na Kaka akaamua kwamba mlango wa mbele mchezaji ataufungua mwenyewe kwa ufunguo.

Baadaye mama hakuweza tena kuinuka kitandani. Jioni moja alimwuliza mwanawe, "Bado natembea humo kwenye mtambo wako?"

"Unatembea, Mama."

"Basi usinikalishe."

Kaka aliahidi, na Mpimaji alikuwepo, ameshika bakuli la uji. Mama alifariki gemu likiwa halijakamilika.

Ndipo ikaja sheria. Kampuni iliyokuwa inatoa mashine mpya ya michezo, ile kubwa inayokaa chini ya televisheni, ilitangaza kwamba itatoa na ndogo yake ya kushika mkononi. Kila gemu la mashine kubwa lazima lichezeke kwenye ndogo, na liwe lilelile. Kilichomo humu kiwemo na humo. Wakaguzi wa kampuni wangelicheza kwenye zote mbili, na wakiona tofauti wangelirudisha. Lakini memori ya mashine ndogo ilikuwa finyu, na mwanamke mzee alikuwa mzito: shali lake, pumzi yake, vidole vyake. Kwenye ndogo gemu lilikwama kila alipoingia chumba cha tatu, kisha likazima.

Walilijadili kwenye kikao mpaka viti vikawachosha.

"Hii ni kumjengea mtu nyumba kwa kipimo cha begi lake," Kaka alisema. "Sheria ya wauzaji hii. Mtengenezaji hawezi kuitunga."

"Mimi naipenda," alisema Wembe. Wembe ndiye aliyekuwa anapunguza vitu ili vienee, na jina alilipatia hapo. "Nilivyovunjika mguu nililala wodini mpaka nikajua nyufa zote za dari. Ungenibebea televisheni unitundikie kwenye dripu? Mtu wa mashine ndogo naye ni mtu, bosi. Asilishwe makombo."

"Basi atengenezewe lake, la saizi yake."

"Atatengenezewa takataka, na wewe unajua. Pasipo sheria, hiyo ndogo ungemtupia aliyechelewa kazini siku hiyo."

"Ungetupiwa wewe, basi. Kila siku unachelewa."

Watu walicheka, Kaka hakucheka. Mpimaji akaulizwa yuko upande gani.

"Linakufa chumba cha tatu," alisema. "Mimi najua hilo tu."

Walijaribu kumpa mwanamke mzee mwendo wa kununua, ule mwepesi wanaogawana watu wa pembeni katika gemu nyingi. Kaka alimtazama mama yake akikatiza korido kwa mwendo wa mlinzi wa benki. Alikuwa amesimama, akakaa. "Mtoeni," alisema. "Kote kuwili." Mchezaji akapewa tochi badala yake, na toleo lisilo na mwanamke mzee ndilo Mpimaji alilokuwa nalo mkononi kwenye chumba cha chai.

Wembe alisikiliza maelezo yake mpaka mwisho, akajikuna shingo.

"Hilo najua ni nini," alisema. "Sikumfuta. Nilimshusha."

"Ulimshusha wapi?"

"Chini ya sakafu. Sote tunafanya hivyo, Mpimaji, usinitolee macho. Milango imefungwa kwake, taa zimefungwa kwake, mpaka mwisho wa gemu umefungwa kwake. Ukimfuta, nyumba nzima inaanguka. Kwa hiyo unamvua mwili, unamshusha chini ya sakafu, unamwacha aendelee na shughuli zake. Mchezaji hamwoni. Memori inapumua."

"Kwa hiyo mama yangu yuko chini ya nyumba yake, anatembea."

Wembe aligeukia skrini yake. "Ukilisema hivyo linakuwa baya," alisema. "Ni namba tu, dada yangu. Namba zinazohama."

Alimshusha zaidi. Kisha akakata kamba zote zilizounganisha milango na mwili. Milango iliendelea kufunguka kwenye mashine ndogo. Kwenye kubwa, toleo lilelile, haikufunguka hata mmoja. Wembe alizitazama mashine mbili kama mtu aliyeagiza chakula akaletewa cha meza ya jirani.

Mwongozo wa kampuni ulitaka mashine ndogo ipimwe pale watu wanapoitumia: kitandani, jikoni, mtu akiwa anatembea. Jumamosi mchana Mpimaji aliibeba hadi nyumba ya mama, ambayo sasa ilikaliwa na mama yake mdogo. Alichagua nyumba hiyo kwa sababu moja, ya kikazi: vyumba vyake na vya gemu vilikuwa vimoja, kwa hiyo kulinganisha kungekuwa rahisi.

Mama mdogo alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Alimtazama akipita mara ya kwanza, ya pili.

"Huyu vipi, anatafuta mtandao?"

"Nafanya kazi, Mama mdogo."

"Kazi ya kuzunguka nyumba za watu. Na mimi nitafutie, miguu ninayo."

Mpimaji alitoka jikoni kuelekea koridoni. Kwenye skrini, mlango wa korido ulifunguka. Alitoka koridoni kuelekea sebuleni. Kwenye skrini, mlango wa sebule ulifunguka. Alikuwa hajabonyeza kitu. Alirudi jikoni kwa njia ileile, na milango ikafunguka kinyumenyume, kila mmoja kabla yeye hajaufikia wa kweli. Aliposimama, yote ilitulia. Alipotembea ilianza. Kwenye mlango wa chumba cha nyuma alisita, kwa sababu kwenye skrini ulikuwa tayari wazi, na ule wa kweli ulikuwa umefungwa na kitasa chake kilikuwa cha baridi.

"Acha kuburuta mguu," Mama mdogo alisema nyuma yake.

"Siburuti."

"Unaburuta. Wa kushoto. Hata mama yenu alianza hivyohivyo, kidogokidogo, ukimwambia anakubishia. Na hapo kwenye fremu umegusa nini?"

Mpimaji alitazama mkono wake. Vidole viwili vilikuwa kwenye fremu ya mlango.

Alimpigia Wembe hapohapo, akamweleza. Wembe akapiga kofi mezani kwa nguvu hata Mama mdogo akalisikia kwenye simu.

"Kihisi!" alisema. "Ndogo ina kihisi cha mwendo, inajua ikibebwa, ikiinamishwa, ikitikiswa. Kubwa haina, nani atalibeba sanduku lile? Nilikata milango kwenye mwili, sikuikata kwenye mwendo. Mwendo wowote unaoingia ukifanana na wake, milango inaufuata. Wewe ndiye unayeifungua, Mpimaji. Wewe na huo mguu wako."

"Na kwa nini inafunguka ya chumba ninachokwenda?"

"Hapo imetokea tu."

Kwenye ripoti Mpimaji aliandika chanzo, kama alivyoelezwa. Kuhusu milango kukijua chumba, aliandika: haijaelezwa.

Kaka aliisoma ripoti hiyo kabla haijatumwa kwa Wembe. Alimfuata dada yake kwenye ngazi za nyuma, juu ya duka la mapazia, ambako watu wa ofisi walipenda kupigia simu zao za siri. Hakukaa.

"Usiipeleke," alisema. "Iache milango ifunguke. Haili memori. Hakuna atakayejua."

"Nitajua mimi."

"Ni Mama, we!"

"Si Mama, Kaka. Ni mguu wangu na uzembe wa Wembe."

"Nilimwahidi. Ulikuwepo. Alisema nisimkalishe, na nimeshamvua mwili, nimeshamshusha chini ya sakafu kama viazi. Kimebaki hicho tu. Milango."

Mpimaji alisubiri mpaka akamaliza. "Ikifunguka kwenye ndogo na isifunguke kwenye kubwa," alisema, "gemu si moja. Wataligundua, watalirudisha. Na mimi nitakuwa nimesaini kwamba hakuna tofauti wakati ninaiona."

Chini yao mtu alikuwa anavuta pazia kwenye reli, akilijaribu, kwenda na kurudi.

"Haya," Kaka alisema. "Basi mkalishe wewe."

Aliipeleka ripoti. Wembe alifanya kazi ile mwenyewe, polepole kuliko kawaida yake, bila muziki masikioni. Safari hii hakushusha kitu. Alifuta mwili, akafuta mwendo, akaifunga milango yote kwenye mkono wa mchezaji, akakizima kihisi. Nyumba haikuanguka, ingawa ilimchukua siku kadhaa kuishikilia. Nakala ya mwendo iliwekwa kwenye diski, diski ikaingia kwenye droo ya Kaka, naye akafunga droo na kutia ufunguo mfukoni.

Mpimaji alirudi nyumba ya mama na toleo jipya. Alipita jikoni, korido, sebule, chumba cha nyuma. Aliuburuta mguu kwa makusudi. Aligusa kila fremu kwa vidole viwili. Mama mdogo alimtazama, ungo ukiwa mapajani. Kwenye skrini hakuna mlango uliotikisika. Alifanya hivyo mpaka akaridhika, kisha akakaa kwenye kiti cha karibu na kukaa hapo kwa muda bila kufanya lolote, jambo ambalo Mama mdogo alilitaja baadaye kwa sababu hakuwa amewahi kuliona.

Alisaini: tofauti kati ya mashine mbili, hakuna. Gemu likatumwa.

Mkaguzi wa kampuni alipiga simu badala ya kuandika. Kaka aliweka spika, Wembe na Mpimaji wakasogea. Sauti ilikuwa ya mtu mwenye mafua, mwenye adabu, ambaye hakuna kati yao aliyewahi kukutana naye.

"Kwanza hongereni," alisema. "Gemu linatisha vizuri. Ila nalirudisha. Mashine mbili haziko sawa."

Kaka alimtazama Mpimaji. Mpimaji alitikisa kichwa: hapana.

"Tofauti iko wapi?" Kaka aliuliza.

"Kwenye ndogo kuna yule mama mtu mzima. Kwenye kubwa hayupo."

Kaka aliisogelea spika.

"Mnanisikia?" Mkaguzi aliuliza.

"Tunakusikia," Mpimaji alisema. "Naomba umweleze."

"Mmemtengeneza wenyewe, mnataka niwaeleze mimi?" Mkaguzi alicheka, akakohoa. "Haya. Ana shali. Anatangulia mbele, anafungua milango. Mguu mmoja mzito, wa kushoto. Na kile kitendo cha kugusa fremu, vidole viwili, aisee. Mwenzangu hapa amekataa kulicheza tena. Mmefanyaje lakini? Wenzenu wote wanalia memori haitoshi, nyinyi mna mtu mzima mzima na gemu halikwami hata mara moja."

Wembe alikuwa ameshavuta kompyuta yake na anapekua toleo lililotumwa. Midomo yake ilikuwa inahesabu kitu. Alitikisa kichwa, akaanza upya.

"Ulipokuwa unalicheza," Mpimaji aliuliza, "ulikuwa umeishika mashine? Ulikuwa unatembea?"

"Hapana, dada. Ndogo iko kwenye stendi mezani. Tunatumia kishikio cha vitufe cha pembeni. Tunazozikagua hatuzibebi, zinaanguka."

"Umemwona mara ngapi?"

"Kila mara. Chumba cha tatu na kuendelea." Karatasi zilisikika zikipinduliwa. "Sikilizeni, sheria mnaijua. Mimi siwaambii mumtoe, akitoka gemu limeisha ladha. Kilichomo kwenye ndogo kiwemo kwenye kubwa. Muwekeni na huko, mtume tena. Siku njema."

Simu ilikatika. Wembe aliinua macho.

"Hayumo," alisema. "Hakuna mwili, hakuna mwendo, hakuna hata jina lake. Anayoyasema hayamo."

"Amesema shali," alisema Kaka.

"Nimesikia alichosema."

Kaka alitoa ufunguo mfukoni, akafungua droo. Diski ilikuwa pale ilipowekwa. Wembe aliipokea kwa mikono miwili, akaanza kumrudisha mwanamke mzee kwenye mashine kubwa, ambako memori ilikuwa ya kumwaga. Kwenye ndogo hakugusa kitu. Mpimaji ndiye aliyemwambia asiguse.

Alipomaliza waliziweka mashine zote mbili kwenye meza ya kikao, kubwa ikiwa imeunganishwa na televisheni, ndogo kwenye stendi. Jua lilikuwa linaingia, ikabidi wavute pazia ili waone. Mpimaji alianzisha gemu kote kuwili kwa wakati mmoja. Kishikio cha kubwa alimpa Wembe; cha ndogo alikiweka mbali, upande wa pili wa meza. Akakunja mikono.

Kwenye televisheni mwanamke mzee alitoka gizani na shali lake. Aligusa fremu ya jikoni, akapita. Korido. Sebule. Mguu wa kushoto ulisikika ukiburuta kwenye spika, na Kaka akaweka mkono mdomoni. Kwenye mashine ndogo tochi ilimulika jikoni tupu, milango yote imefungwa, kama ilivyopimwa.

Kwenye televisheni alifika chumba cha nyuma, na hapo rekodi iliishia. Alisimama ameinamisha kichwa kidogo, pale pale mama alipokuwa amesimama akaomba kiti.

"Bosi," alisema Wembe kwa sauti ya chini. Alikuwa anaitazama ndogo.

Milango ya jikoni, korido, sebule na chumba cha nyuma ilikuwa wazi yote. Hakuna kati yao aliyeiona ikifunguka. Mwanga wa tochi ulipenya moja kwa moja hadi mwisho wa nyumba, kwenye mlango wa mbele, ambao hauna mwendo wowote uliorekodiwa na haufunguki ila kwa ufunguo wa mchezaji. Mpimaji aliangalia kishikio cha ndogo. Kilikuwa pale alipokiweka.

Mlango wa mbele ulifunguka taratibu, kwa nafasi ya kumtosha mtu mmoja mwembamba, na haukujifunga.